Nguzo za Umeme na Barabara Zikipita Shambani Kwako: Jiandae Kabla Mthamini Hajafika

Leo tunaweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuongelee kitu kinachoweza kukutoa shambani haraka kuliko ugonjwa wowote wa mimea: mradi unaopita kwenye ardhi yako.

Juzi kijana mmoja mwenye parachichi alinipigia simu. Kakuta watu wenye vifaa vya kupimia wanapigilia vigingi katikati ya miti yake ya miaka miwili. Swali lake lilikuwa moja tu: "Afisa, niving'oe?" Hapana, usiving'oe. Kung'oa vigingi vya upimaji kunakutafutia kesi na hakuzuii mradi. Kwanza waulize hao watu kwa upole wanapima kwa ajili ya ofisi gani, halafu siku hiyohiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji uulize kama barua ya kuwatambulisha imefika. Andika tarehe, piga picha vigingi vilipo. Kazi yako imeanza hapo.

BARABARA

Kwa barabara kuu na za mikoa, zile zinazosimamiwa na TANROADS, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana ya zile alama za X unazoziona ukutani. X nyekundu maana yake uko ndani ya hifadhi ya zamani, hakuna fidia. X ya kijani uko kwenye ile nyongeza ya mita 7.5, na kama ulikuwepo kihalali kabla ya sheria, unalipwa eneo likihitajika.

Mita 7.5 inaonekana ndogo. Kwa shamba lenye mita 200 zilizopakana na barabara, hizo ni mita za mraba 1,500, zaidi ya theluthi moja ya ekari. Na vijana wengi tunapenda kuweka vitu vya gharama hapohapo mbele: banda la kuuzia, tangi, kisima, kitalu cha miche, kwa sababu gari la mteja linafika. Nunua futi kamba ya mita 50, ni rahisi kuliko kisima. Pima mita 30 kutoka katikati ya barabara kabla hujachimba chochote. Na ukinunua shamba "la lami", toa hilo eneo kwenye ukubwa unaouziwa, usije ukalipia ekari ambayo siyo yako. Barabara za TARURA zina upana wake tofauti, kaulize ofisi ya wilaya.

UMEME

Hapa kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya.

Kuna njia kuu za kusafirisha umeme, kama ile ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, urefu wa kilomita 670, au ile ya kutoka Bwawa la Julius Nyerere kwenda Chalinze. Hizo zina mkuza mpana, kuna uthamini na kuna fidia. Upana unategemea ukubwa wa msongo, kwa hiyo usikisie. Uliza upewe kwa maandishi: mkuza una upana gani, na baada ya kulipwa bado nitaruhusiwa kulima mazao mafupi chini yake au eneo lote linatwaliwa? Majibu mawili hayo ndiyo yanaamua hesabu zako zote za mbele.

Halafu kuna umeme wa vijijini, zile nguzo za miti za miradi ya REA. Huko wananchi wamekuwa wakiombwa kutoa njia bila fidia, kwa hoja kwamba umeme ni wa kwao wenyewe. Uipende usiipende, ndivyo ilivyo. Nguvu yako ipo kabla shimo la nguzo halijachimbwa. Msubiri mkandarasi, tembea naye, muombe afuate mpaka wa shamba badala ya kukata katikati. Mara nyingi anakubali kama njia haimpotezei nguzo nyingi. Ukimsubiri amalize ndipo ulalamike, imekula kwako. Na kwa kuwa upo naye hapo, muulize kama njia itakuwa ya fezi tatu. Kama una mpango wa pampu kubwa au mashine ya kusaga, hilo swali lina pesa kuliko mgogoro wa nguzo mbili.

FIDIA INAHESABU NINI

Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, lakini hiyo haina maana kwamba yako haina thamani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba maslahi kwenye ardhi yana thamani, na anayenyang'anywa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa hiyo mtu akikwambia "tunalipa mazao tu, ardhi ni ya Serikali", muombe akuonyeshe kimeandikwa wapi.

Ndani ya fidia kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi kwa anayehamishwa nyumba, na hasara ya faida. Posho ya usumbufu si hela ya kuota: ni thamani ya ardhi ukizidisha kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwenye amana ya miezi 12. Tuseme wastani huo ni asilimia 7 na ardhi yako imethaminiwa shilingi milioni 10, posho inakuwa 700,000. Usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 ndani ya kilomita 20.

Kinachopaswa kukushtua wewe mkulima wa biashara ni hasara ya faida. Kanuni za mwaka 2001 zinasema ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Miaka mitatu ya faida! Lakini iwe imethibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa. Sasa jiulize, hesabu zako ziko wapi? Kwenye kichwa? Kwenye meseji za muamala zilizofutika simu ilipoibiwa? Nimeona watu wenye vitalu vya miche vinavyouza kila wiki wakipewa hela ya mbao na neti, basi. Biashara yenyewe haikuwepo kwenye karatasi yoyote, na mthamini hawezi kuandika asichokiona.

Ndiyo maana nasema maandalizi ni sasa, hata kama huko kwenu hakuna fununu ya mradi. Sajili biashara, weka akaunti ya benki ya shamba peke yake, toa risiti, na kila mwaka hesabu zipitiwe na mkaguzi anayetambulika. Hizo hesabu zitakusaidia benki pia siku ukiomba mkopo, kwa hiyo huzitengenezi kwa ajili ya balaa tu.

SIKU YA UTHAMINI

Turudi kwenye parachichi. Tuseme mkuza una upana wa mita 40 na unakata shamba kwa urefu wa mita 200. Hizo ni mita za mraba 8,000, karibu ekari mbili. Ukiwa umepanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ni miti kama 163. Parachichi ni mti, haiwezi kubaki chini ya nyaya za msongo mkubwa, kwa hiyo yote inaondoka. Na mti mchanga haulipwi sawa na mti unaozaa. Kama miti imeanza kuonyesha maua na matunda, hakikisha hilo linaandikwa kwenye fomu, usiache iandikwe "miche".

Uwepo mwenyewe siku hiyo. Kiongozi wa kijiji anakuwepo, unahesabiwa, unapigwa picha, unasaini. Hesabu miti kwa sauti pamoja na mthamini, mstari kwa mstari. Waonyeshe vilivyo chini ya ardhi, kwa sababu havionekani: mabomba makuu ya umwagiliaji yaliyofukiwa, msingi wa tangi, mitaro, waya wa pampu. Hapo ndipo mchoro wa shamba na risiti za vifaa vinafanya kazi. Mistari ya matone unaweza kuhamisha, bomba lililofukiwa huwezi kulihamisha bila gharama. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala au picha ya simu ya kila ukurasa.

Kuna tarehe ya ukomo, ambayo kwa kawaida ni siku uthamini unapoanza. Ulichopanda au kujenga baada ya hapo hakihesabiwi. Wale wanaochomeka miche usiku baada ya kusikia mradi, wathamini wanawajua, na matokeo yake hata miti halali ya jirani inaanza kutiliwa shaka. Mazao ya msimu mara nyingi hayalipwi kama umepewa muda wa kuvuna, kwa hiyo omba muda huo kwa maandishi.

Kwa vijana mnaokodi, na najua mko wengi: mwenye ardhi atalipwa ardhi, lakini nyanya, mabomba na banda ni vyako. Kama mkataba haupo, jina lake ndilo litaandikwa kwa kila kitu. Weka kifungu kimoja tu kwenye mkataba kinachosema mazao na miundombinu ni mali ya mpangaji na fidia yake ni ya mpangaji. Asaini, na mtendaji wa kijiji ashuhudie.

KUKATWA VIPANDE VIWILI

Hili fomu hailioni vizuri, wewe ndiye inabidi ulisemee. Kisima kiko upande huu wa barabara, shamba limebaki upande ule. Au kumebaki kipande cha robo ekari ambacho trekta haliwezi kugeuza. Andika barua kwa ofisi ya mradi, uwaeleze kwamba kilichobaki hakilimiki kibiashara, uombe kithaminiwe nacho. Na kabla lami haijamwagwa, muombe mhandisi wa mradi alaze bomba pana chini ya barabara, ambalo utapitishia mpira wa maji baadaye. Wakati tuta bado ni udongo hiyo ni kazi ya muda mfupi. Barabara ikishakamilika hakuna atakayekuruhusu kuikata.

Angalia pia maji ya mvua. Kalavati linakusanya maji yaliyokuwa yanatawanyika na kuyatoa sehemu moja. Kama mdomo wake unaangalia shamba lako, msimu mmoja unatosha kupata korongo. Lalamika wakati mkandarasi bado ana mitambo hapo, omba mtaro wa kupeleka maji hadi kwenye mkondo wa asili. Njia ambayo magari yake yamepita inakuwa imeshindiliwa, jembe la kawaida halitoshi. Dai ilimwe kwa kina kabla hajakabidhi eneo.

MALIPO YAKICHELEWA

Fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa, inatakiwa iongezewe riba. Na kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini una uhai wa miaka miwili tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, baada ya hapo urudiwe. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kuidhinishwa, iandike ukutani. Hupatani na kiasi? Anza kwa barua kwa ofisi iliyotwaa na nakala kwa mthamini wa wilaya, ukieleza ni kipengele gani hakikuhesabiwa. Barua ya "nimedhulumiwa" haijibiwi; barua ya "miti 163, fomu imeandika 98" inajibiwa. Mkifika mahakamani, kumbuka kuishitaki Serikali kunahitaji kwanza notisi ya siku 90, kwa hiyo tafuteni wakili mapema, na mkiwa kikundi gharama mnagawana.

UKIENDELEA KULIMA CHINI YA NYAYA

Kama umeruhusiwa, lima mazao mafupi: maharage, viazi, vitunguu, mbogamboga. Usichome mabaki ya mazao chini ya nyaya, moshi na moto vinaweza kuruhusu umeme kuruka kutoka kwenye waya hadi chini. Mabomba ya alumini yabebwe yakiwa yamelala, hata siku moja usisimamishe bomba kutoa panya au uchafu. Umwagiliaji wa kurusha maji juu uwekwe mbali na nyaya, tumia matone. Uzio wa waya unaokwenda sambamba na njia ya msongo mkubwa unaweza kubeba umeme bila kugusana na chochote, kwa hiyo mwite fundi auunganishe na ardhi. Trekta lenye tela la kuinua, shusha kabla ya kupita. Na waya ukianguka, hata kama unaonekana umekufa, kaa mbali, zuia watoto na mifugo, piga simu TANESCO kwanza.

Somo lijalo nitaweka mfano wa mkataba wa kukodi shamba wenye hicho kifungu cha fidia, mchukue mkajaze.