Utulivu Kabla ya Usaili: Mwongozo kwa Waombaji Kazi wa Rutshuru

Anayetoka Rutshuru kwenda kusailiwa Goma ana takriban kilomita 70 za Barabara ya Taifa Namba 2 kabla hajaulizwa swali lolote. Moyo wa wengi huanza kwenda mbio wakiwa bado Rugari. Kazi wanaijua, ila wameacha mambo mengi mno yaamuliwe asubuhi ileile. Kila jambo utakalolimaliza mapema litakupunguzia hofu.

1. Hakikisha saa na mahali

Saa ya Kivu imetangulia ya Kinshasa kwa saa moja. Ukiitwa kwa simu na ofisi ya Kinshasa, uliza wazi: "Ni saa ya Kinshasa au ya Goma?" Barua ya Kifaransa ikiandika 9h00, hiyo ni saa tatu asubuhi, si saa tisa. Jibu ujumbe kwa kurudia siku, saa na jina la kartiye.

2. Fika siku moja mbele

Ukiweza, lala Goma kwa ndugu. Gari husubiri lijae, na njia hainyooki kila siku. Barabara ikifungwa, piga simu kabla ya saa ya usaili, si baada yake.

Tia kwenye bahasha moja kadi ya mpiga kura, diploma, vyeti vya kazi na nakala zake. Kama karatasi zilipotea mlipokimbia vita, beba cheti cha upotevu kutoka kwa viongozi wa eneo lako.

3. Andaa jibu la miaka iliyokatika

Tangu mapigano ya 2022, wengi wa Rutshuru wana pengo katika wasifu wao, na swali hilo ndilo linalowatetemesha zaidi. Kukimbia vita si kosa la kuombea msamaha. Andika sentensi tatu: yaliyokupata, ulichofanya, unachoweza sasa. Kwa mfano:

"Mwaka 2022 familia yangu ilikimbilia kambi ya Kanyaruchinya. Pale nilisaidia kuandikisha kaya na kuwatafsiria wazee wasiojua Kifaransa. Ninaweza kutunza orodha na kusikiliza watu wenye shida."

Sema ya kweli tu. Ukitia chumvi, swali la pili litakuumbua. Jambo linalouma unaweza kulifunga kwa heshima: "Naomba nisilieleze hilo." Yasome majibu yako kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, maana msaili anaweza kubadili lugha katikati ya mazungumzo.

4. Ukiwa unangoja kuitwa

Kaa, miguu yote miwili ikanyage chini. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano. Mapigo ya moyo yatapungua. Jitenge na mazungumzo ya nani ana mtu wake ndani.

Salimia kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini. Swali lisipoeleweka, sema: "Samahani Mama, naomba urudie." Kunyamaza kidogo ukifikiri si kushindwa.

5. Jua haki zako

Akitokea mtu anayedai pesa ili upate nafasi, usilipe. Mashirika mengi huandika kwenye matangazo yao kwamba kuomba kazi ni bure.

Jua pia kwamba Sheria ya Kazi namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 imewekea mipaka muda wa majaribio: mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi maalum, na miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Hivyo wakikuuliza kama una swali, unalo: "Majaribio ni ya muda gani?" Anayeuliza hivyo ameacha kujiona mtu wa kuhukumiwa, amekuja kupatana.

6. Baada ya kutoka

Ukiwa kwenye gari la kurudi Rutshuru, andika maswali yote uliyoulizwa kabla hujayasahau. Hata kazi hii isipopatikana, karatasi hiyo itakutayarisha kwa usaili ujao, au itamfaa mdogo wako siku yake ikifika.