SOMO: JE, GARI LA CHAMA LIFUNGWE KOPO LA KUNASIA OILI?

Hutokea fundi au muuza vipuri akaishauri kamati ya chama inunue kopo la kunasia oili, kwa hoja kwamba litarefusha maisha ya injini. Shauri hilo lisipokewe wala kukataliwa kabla katibu na wanakamati hawajaelewa kazi ya chombo chenyewe, kwa kuwa fedha itakayotumika ni ya wanachama.

Injini inapofanya kazi, sehemu ndogo ya gesi za mwako hupenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, ikashuka kwenye oili. Humo huchanganyika na mvuke wa maji na matone madogo mno ya oili. Gesi hizo zisipopata njia, shinikizo huongezeka na kusukuma oili nje kupitia kwenye sili. Zamani zilitolewa kwa bomba lililoelekea barabarani, zikachafua hewa. Mwaka 1961 jimbo la California, Marekani, liliagiza zirudishwe katika njia ya hewa ya injini ziunguzwe, na utaratibu huo ukaenea.

Ubaya ni kwamba oili huingia pamoja nazo. Katika injini ya petroli inayonyunyiza mafuta nyuma ya valvu, petroli huziosha valvu hizo, na madhara huwa madogo. Lakini petroli inaponyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, oili hugandia kwenye valvu na kuwa kaboni. Katika dizeli inayorudisha sehemu ya moshi wake, masizi huchanganyika na oili yakawa uji mzito kama lami.

Kopo hufungwa katikati ya mpira unaopitisha gesi hizo. Gesi hugonga vizuizi vya ndani, hupoa, na oili hudondoka chini. Kopo tupu lisilo na vizuizi, ambalo ndilo rahisi kwa bei, hunasa kidogo sana.

Hatari zake si ndogo. Kopo likijaa, oili huvutwa ndani kwa wingi. Injini ya dizeli huweza kuiunguza kama mafuta yake na kwenda kasi isiyozuilika, hata ufunguo ukizimwa. Mpira ukipasuka upande wa kuvuta hewa, vumbi la barabara ya udongo huingia bila kupita kwenye chujio na kula ringi, yaani kuleta maradhi yale yale yaliyokusudiwa kukingwa.

Kwa hiyo lori kuukuu ambalo bomba lake hutoa gesi nje halihitaji kopo hili. Gari lenye ringi zilizochakaa lipimwe mgandamizo wa silinda na kutengenezwa. Kopo litaficha ugonjwa tu. Dizeli mpya yenye turbo na urudishaji wa moshi yaweza kunufaika, mradi masharti ya dhamana yasomwe kwanza, na dereva akabidhiwe kazi ya kumwaga kopo na kuandika kiasi katika daftari la gari. Oili hiyo, yenye maji na mabaki ya mafuta, isirudishwe kwenye injini kamwe.

Maswali ya kikundi: Gari la chama chenu ni la aina ipi kati ya hizi? Kiasi kinachoandikwa daftarini kikiongezeka ghafla mwezi mmoja kabla ya msimu wa ununuzi, kamati ichukue hatua gani, na kwa fungu lipi la bajeti?