Nani Asimulie: "Mimi" au "Yeye"?

Nafsi ya usimulizi huamua msomaji atajua nini, na atakijua lini. Hadithi ikisimuliwa na "mimi", msomaji hafiki pale ambapo "mimi" huyo hakufika. Mazungumzo ya chumba cha pili atayapata tu ikiwa msimulizi alitega sikio mlangoni, au ikiwa yupo aliyekuja kumpasha. Ikisimuliwa kwa "yeye", mwandishi ana ufunguo wa kila chumba, na kazi inageuka kuwa ya kuchagua afungue kipi na kipi akipite.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alizijaribu njia zote mbili katika muda mfupi. Rosa Mistika (1971) imesimuliwa kwa nafsi ya tatu. Msomaji anamwona Rosa nyumbani chini ya ukali wa baba yake, Zakaria, kisha anamwona akiwa masomoni, ukali ule uko mbali. Kwa kuwa pande zote mbili ziko mbele yake, anaweza kupima mwenyewe lawama ni ya nani. Angesimulia Rosa, kitabu kingekuwa utetezi au toba. Kichwamaji (1974) ni habari nyingine: Kazimoto, msomi ambaye mawazo yake yamekuwa mzigo, anajisimulia. Hapo mizani haitakiwi. Kinachotakiwa ni msomaji akwame ndani ya kichwa kimoja, akose hewa pamoja na mwenye kichwa. Hata hivyo Kazimoto anaishia kujiua, na maiti haisimulii. Anayempa "mimi" mhusika wa namna hiyo aamue mapema ni nani atakayesema neno la mwisho.

Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), kijana aitwaye Kongowea Mswahili anasimulia safari yake ya kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba. Nafsi ya kwanza inafaa hapo kwa sababu moja nyepesi: msomaji anapata habari kwa kadiri ya mwendo wa msafiri. Msimulizi ajuaye yote angelazimika kumficha baba huku akijua alipo, na msomaji akishanusa kwamba anafichwa, huchukia.

Shida moja imo ndani ya Kiswahili chenyewe, na anayejifunza kwa vitabu vya uandishi vya Kiingereza hataikuta humo. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Asha na Salimu wakiwa ukumbini, sentensi "Alimtazama, akamshika mkono, akamwambia harudi tena" haisemi nani kashika wala nani anaondoka. Ikiandikwa "Alinitazama, nikamshika mkono, akaniambia harudi tena", utata umekwisha bila kutaja jina la mtu. Kwa hadithi ya watu wawili, basi, nafsi ya kwanza ni msaada mkubwa. Anayebaki na nafsi ya tatu asikimbilie kurudia Asha, Salimu, Asha, Salimu hadi ukurasa ufanane na daftari la mahudhurio. Lugha ina mkewe, shemejiye, yule mzee, fundi. Maneno hayo hutenganisha watu na papo hapo yakaeleza uhusiano wao.

Ni- nayo ina adha yake. "Niliamka. Nilinawa. Nilivaa. Nilitoka." Aya mbili za namna hiyo zinatosha kumchosha msomaji mvumilivu. Dawa ya kwanza ni -ka-, ambayo walau huunganisha matendo yakaenda kwa mfululizo. Dawa bora zaidi ni kuiacha hali imshike mtu: usingizi ulinipaa, njaa iliniuma, hasira zilinipanda. Msimulizi bado yumo, ila hajasimama mlangoni mwa kila sentensi.

Jambo ambalo waandishi wachanga hulisahau ni sauti. "Mimi" ni mtu anayesema, na kila mtu ana namna yake ya kusema. Kondakta wa daladala na mwalimu mstaafu wa Lamu hawawezi kueleza ajali ileile kwa maneno yaleyale. Mmoja ataanza na dereva, mwingine labda ataanza na mwaka. Wakifanana, msomaji atamsikia mwandishi tu.

Kati ya "mimi" na msimulizi ajuaye yote ipo njia ya kati, nayo ndiyo inayowafaa wengi: nafsi ya tatu inayomfuata mtu mmoja tu. "Salimu aliisoma tena barua. Kesho! Nani amepata kuhama nyumba kwa siku moja?" Sentensi ya kwanza ni ya msimulizi, zilizobaki ni mawazo ya Salimu, na hakuna haja ya "aliwaza kwamba". Neno kesho limebaki kesho, halikugeuzwa kuwa "siku iliyofuata", kwa hiyo msomaji yumo ndani ya Salimu bila kufungwa humo.

Kabla ya kuamua, ichaguliwe ile sehemu ngumu kuliko zote, yaani tukio ambalo hadithi nzima inalitegemea, liandikwe mara mbili, ukurasa mmoja kwa kila nafsi. Mwanzo wa hadithi haufai kwa jaribio hili, kwani karibu kila nafsi huanza vizuri. Swali la kwanza: je, mhusika mkuu alikuwepo? Kama hakuwepo, na hakuna njia ya haki ya kumfikishia habari, "mimi" ameshindwa. Kama alikuwepo, ukurasa wa nafsi ya kwanza usomwe kwa sauti, kisha kila ni- igeuzwe kuwa a-. Ukurasa ukisomeka vilevile, bila kupungukiwa na kitu, msimulizi huyo hakuwa na sauti yake, na hadithi iandikwe kwa nafsi ya tatu.