SOMO LA AFYA: MTOTO ANAYECHEZA ANAJIFUNZA



Wazazi wengi hutulalamikia kliniki: "Sista, mtoto nimempeleka chekechea, lakini kila siku ni michezo tu. Hata kuandika jina lake hajui." Mwezi huu tulitazame jambo hilo.

Mtoto wa miaka 5 hapa Bariadi anatengeneza mkokoteni wa ng'ombe kwa mabua ya mtama. Magurudumu amekata kwenye ndala kuukuu. Akiuvuta, gurudumu linachomoka. Analirudisha, linachomoka tena. Mwishowe anatafuta kijiti kinene zaidi, na mkokoteni unatembea. Huyo amepima, amekosea, amefikiri na amejaribu tena. Vidole vinavyofinyanga ng'ombe wa udongo vinapata nguvu ya kushika penseli. Anayewagawia wenzake visoda anaanza hesabu. Anayengoja zamu yake katika kombolela anajifunza kuishi na watu.

Daktari Maria Montessori wa Italia, aliyefungua nyumba ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliona kuwa mtoto akipenda kazi ya mikono huirudia mara nyingi bila kuchoka. Nchini mwetu, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, iliweka ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, malezi na usalama.

Basi sisi wazazi na walezi tufanye nini?

1. Tusimkatishe, wala tusiharakishe kumtengenezea. Tumwulize: "Unafikiri kwa nini limechomoka?"

2. Tusimpige kwa sababu amechafuka. Anawe mikono kwa sabuni, basi.

3. Binti naye apate muda wa kucheza. Asibebeshwe mdogo wake mgongoni kutwa nzima.

4. Tuangalie usalama. Huku tunalima pamba: chupa tupu ya dawa ya pamba si ya kuchezea wala ya kuwekea maji, hata ikioshwa. Visima na malambo ni hatari kwa watoto wasio na mwangalizi. Visoda na vitu vingine vidogo tusimpe mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni.

5. Apate uji asubuhi. Mwenye njaa hachezi, na asiyecheza hajifunzi.

Sisi wauguzi tunaomba jambo moja zaidi. Mtoto aliyezoea kucheza akikaa pembeni kimya, msiseme "siku hizi ametulia". Huenda ana malaria, upungufu wa damu au utapiamlo. Mleteni apimwe. Na kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea sana, msingoje kesho. Mleteni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:
(a) Watoto wetu wanachezea wapi, na nani anawaangalia?
(b) Chupa za dawa ya pamba tunaziweka wapi?

Mungu awabariki watoto wetu.