Pete ya Kahawa Mezani

*Kila tone la kahawa likikaukia mezani huacha pete nyeusi pembezoni, katikati peupe. Je, kahawa ina kasoro? — Msomaji, Tanga*

Pete hiyo si dalili ya kahawa mbovu. Ukingo wa tone hunata mezani, na hapo ndipo maji hugeuka mvuke haraka zaidi. Maji ya katikati hukimbilia ukingoni kuziba pengo, yakibeba chembe za kahawa.

Joto nalo huanzisha mkondo wake. Mvuke ukitoka hupoza uso wa tone, na kilele huwa baridi kuliko ukingo unaopashwa na meza. Uso uliopoa huvuta kwa nguvu zaidi, hivyo maji ya juu hupanda kutoka ukingoni hadi kileleni, kisha huzama na kuzunguka. Mvuto huu unaitwa kwa jina la Mtaliano Carlo Marangoni. Katika baadhi ya vimiminika mzunguko huo hurudisha chembe katikati. Katika maji, uchafu kidogo tu juu ya uso huudhoofisha, na pete hushinda.

Tone lifutwe likiwa bado bichi. Lililokauka hulainishwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mbao zikishabadilika rangi, aitwe fundi seremala.