Majirani watatu, mistari minne

*Mwalimu, mimi ni Mkongo kutoka Kivu Kusini. Naishi Base Camp hapa Nakivale na nasoma kemia Mbarara. Kwenye NMR ya protoni nimekariri kanuni: hesabu protoni za jirani, ongeza moja. Alama napata, lakini sielewi. Majirani watatu wanatoaje mistari minne? Na mbona ya katikati ni mirefu?*
*Mwanafunzi, Isingiro*

Mdogo wangu, pole na masomo. Nimefurahi kwamba alama peke yake hazikukutosha.

Tafuta sarafu tatu za shilingi 100, zile zenye ng'ombe upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Kila sarafu iwe protoni moja ya kundi la CH3 katika ethanoli, kileo kilichomo ndani ya waragi. Protoni ni kisumaku kidogo. Ikiwekwa ndani ya sumaku kubwa ya mashine, huelekea inakoelekea sumaku hiyo au kinyume chake, na nafasi ya kila upande ni karibu sawa.

Sasa zipange sarafu kwa kila namna, ukiandika. Utapata mipangilio 8: ng'ombe watatu mara 1, wawili mara 3, mmoja mara 3, bila ng'ombe mara 1. Jumla ni hali nne tu, na hiyo ndiyo mistari yako minne. Protoni za CH2 zilizo jirani huhisi sumaku ikiongezeka au kupungua kidogo kulingana na hali hizo, na kwa kuwa hali mbili za katikati hutokea mara tatu zaidi, mistari yake hurefuka: 1:3:3:1. Ile moja unayoongeza ni hali ya "hakuna ng'ombe". Basi.

CH3 nayo inatazama majirani wawili, kwa hiyo mistari mitatu, 1:2:1. Pima nafasi kati ya mistari pande zote mbili: takriban hezi 7 huku, hezi 7 kule. Wanaoathiriana hugawana kipimo kimoja, na hakibadiliki hata ukihamia mashine yenye sumaku kubwa zaidi. Hivyo ndivyo utakavyomjua jirani wa kweli kwenye spektra iliyojaa.

Ila ujirani huu hupitia kwenye elektroni za vifungo, kwa kawaida vitatu. Protoni ya OH huhamahama upesi kati ya molekuli, ndiyo maana mara nyingi husimama na mstari mmoja.

Kanuni yako ina mpaka, na hapa wengi huanguka mtihani. Inafaa pale tu majirani wote wanapoathiri kwa kipimo kilekile. Katika stairini, protoni ya vinili iliyo karibu na pete ina majirani wawili, mmoja kwa hezi 17 hivi, mwingine 11. Sarafu mbili zisizolingana thamani hutoa jumla nne tofauti: mistari minne inayokaribiana urefu, si mitatu.

Kabla ya kipindi kijacho, chora kwa mkono spektra ya isoamili asetati, ambayo harufu yake ni ya ndizi mbivu na Isingiro yote inaijua. Anza na zile protoni sita za CH3 mbili zilizo pamoja: jirani yao ni mmoja tu.