Pupa na Utulivu: Somo juu ya Michezo ya Video



Somo hili lahusu michezo ya video, yaani michezo inayochezwa kwa kugusa kioo cha simu au kubonyeza vitufe, huku picha zikienda mbio mbele ya macho. Wengine kati yenu mmeiona kwa mbali tu, mkononi mwa kijana aliyetoka mjini. Wengine mnayo nyumbani, na usiku mwasikia mlio wake chini ya blanketi la mtoto. Wazazi huuliza: Je, mchezo huu waharibu akili? Vijana nao hujibu kwamba wainoa. Pande zote mbili husema kwa nguvu, walakini nguvu ya sauti si ushuhuda. Wako wataalamu waliolipima jambo hili kwa miaka zaidi ya 20, na majibu yao hayakuelekea upande mmoja. Tuyatazame.

ULIZO. Pupa ni nini?

JIBU. Pupa ni kutenda kabla ya kufikiri, na kushindwa kungoja.

Mwenye pupa hujibu kabla ulizo halijaisha. Hawezi kukaa mpaka zamu yake ifike. Akipewa karanga za mbegu, huzikaanga leo, na mvua ikinyesha hana cha kupanda. Kila mwalimu amjua mtoto wa namna hii, maana mkono wake u juu daima, na jibu lake mara nyingi si jibu la ulizo lililoulizwa.

Lakini msichanganye pupa na wepesi. Mwindaji hodari ana mkono mwepesi kuliko watu wote, wala hana pupa hata kidogo: hukaa kimya tangu alfajiri mpaka mnyama akaribie. Wepesi ni wa jicho na mkono. Pupa ni ya moyo. Mkishika tofauti hii, mtaelewa kwa nini wataalamu wameona mambo yanayoonekana kupingana.

JUU YA JICHO NA MKONO

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Rochester, nchini Marekani, C. Shawn Green na Daphne Bavelier, walitangaza majaribio yao. Waliwachukua watu wasiozoea michezo ya video, wakawapa saa moja kila siku kwa muda wa siku 10. Wengine walicheza mchezo wa vita, ambamo adui hutokea upande wowote bila taarifa. Wengine walicheza Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka kimoja kimoja. Siku zilipokwisha, wale wa mchezo wa vita walikuwa wameendelea kuliko wenzao katika kutambua vitu vilivyotokea ghafula pembeni mwa macho, na katika kuona vitu vingi kwa mara moja. Basi, kijana asemaye kwamba mchezo umemnoa macho hasemi uongo.

Akisema umemnoa akili yote, hapo tusimkubalie upesi. Mwaka 2018 Giovanni Sala na wenzake walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo na kuyapima pamoja. Waliona kwamba kumzoeza mtu michezo ya video hakumwongezei uwezo wa akili kwa jumla. Ajizoezaye mchezo huwa hodari wa mchezo. Uhodari huo hauvuki mto kwenda kumsaidia katika hesabu na kusoma. Hata hivyo wataalamu wenyewe wangali wakibishana juu ya jambo hili.

JUU YA KUUZUIA MKONO

Kuna jaribio moja la kupima pupa ambalo ni rahisi kulieleza. Mtoto huonyeshwa mshale. Mshale ukielekea kushoto, abonyeze kitufe cha kushoto. Ukielekea kulia, abonyeze cha kulia. Afanye upesi. Lakini mara chache, baada ya mshale wa kwanza, hutokea mwingine unaoelekea juu: hapo auzuie mkono wake, asibonyeze kitu. Ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, kwa kuwa mkono umekwisha kuanza safari.

Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 2,000 wenye umri wa miaka 9 na 10. Waliwalinganisha wale wasiocheza kamwe na wale waliocheza saa 21 au zaidi kila juma, yaani saa tatu kila siku. Wachezaji walishinda katika jaribio la mshale, na pia katika jaribio la kukumbuka. Habari hii ilienea sana, na vijana wengi wakaifurahia. Lakini yafaa kujua mambo mawili. La kwanza, makala ile ilionekana kuwa na kasoro, ikaondolewa, na mwaka 2023 ikawekwa nyingine iliyosahihishwa; ushindi katika majaribio ulibaki, lakini ilionekana pia kwamba wachezaji walikuwa na matatizo zaidi ya kutotulia na kutoshika jambo moja. La pili, kulinganisha watoto wa namna mbili si sawa na kuonyesha chanzo. Huenda watoto wenye mkono mtiifu ndio waliopenda mchezo tangu mwanzo.

Angalieni ajabu hii. Mtoto yule yule aweza kuuzuia mkono wake mbele ya mshale kwa nukta moja, na tena ashindwe kukaa na kitabu kwa nusu saa. Kuzuia kidole si kutuliza moyo.

MZUNGUKO

Neno lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, latoka Singapore. Mwaka 2012 Douglas Gentile na wenzake walitangaza habari za watoto na vijana 3,034 wa nchi ile, waliofuatwa kwa muda wa miaka 3. Kufuata watoto wale wale mwaka hata mwaka kuna faida kubwa: waweza kuona kilichotangulia na kilichofuata.

Waliona nini? Waliona njia mbili zinazokutana. Watoto waliocheza saa nyingi walizidi kuwa na pupa na kutotulia baadaye, hata baada ya kuhesabu jinsi walivyokuwa mwanzoni. Na watoto waliokuwa na pupa tangu mwanzo walizidi kucheza baadaye. Yaani pupa humvuta mtoto kwenye mchezo, na mchezo humrudisha akiwa na pupa zaidi, kama maji yanayochimba mfereji: kadiri mfereji unavyokwenda chini, ndivyo maji yanavyozidi kuufuata. Tena, jumla ya saa za kucheza ilionyesha matokeo kwa uthabiti kuliko mchezo kuwa wa vita au usiwe wa vita. Wazazi wengi huchungulia kama mna bunduki katika picha, wakaridhika wasipoiona. Heri wangehesabu saa.

Kwa haki tuseme pia kwamba watu wazima si kama watoto. Mwaka 2018 Simone Kühn na wenzake, nchini Ujerumani, waliwapa watu wazima mchezo wenye ukatili mwingi wauchezee kila siku kwa miezi miwili, wasione badiliko la maana katika ukali wala katika pupa zao.

SAA ZINAHAMIA WAPI?

Mwaka 2010 Robert Weis na Brittany Cerankosky walieleza jaribio waliloliendesha Marekani. Wavulana wenye umri wa miaka 6 hata 9, ambao kwao hapakuwa na mashine ya michezo, waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa mashine mara moja; nusu waliambiwa wangoje miezi 4. Miezi ile ilipokwisha, wale waliopewa kwanza walikuwa nyuma ya wenzao katika kusoma na kuandika, na walimu wao waliona matatizo zaidi katika masomo yao. Walikuwa wametumia wakati mchache zaidi kwa kazi za shule baada ya kutoka darasani.

Hakuna aliyewatia ujinga. Saa zilihama tu. Mtoto wa miaka 7 hujifunza kusoma kwa kurudia, kukosea na kurudia tena, na jambo hilo halimpi tuzo upesi. Mchezo humlipa kila nukta, kwa sauti na kwa rangi. Silabi humlipa baada ya miezi.

ULIZO. Je, kila mtoto apendaye mchezo ni mgonjwa?

JIBU. Hapana.

Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa michezo ya video katika orodha mpya ya magonjwa iliyokubaliwa mwaka 2019, nayo ilianza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni hizi: mtu ameshindwa kujitawala katika kucheza, mchezo umetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, naye aendelea kucheza ingawa aona madhara. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mvulana anayenung'unika akinyang'anywa simu leo jioni hayumo katika orodha hiyo.

Nchini China, serikali iliamuru mwaka 2021 kwamba wasiotimiza miaka 18 wacheze michezo ya intaneti saa moja tu, kuanzia saa 2 hata saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi tuna milango yetu wenyewe. Simu na ilale katika chumba cha mama. Kazi ya shule na ya nyumbani itangulie, mchezo ufuate. Na saa ikitimia, msimnyang'anye mtoto kwa ghafula. Mwambieni aizime mwenyewe, nanyi mngoje mkimtazama. Siku za kwanza atashindwa. Aizime mwenyewe siku inayofuata pia.

MAULIZO

Wepesi watofautianaje na pupa? Toa mfano kutoka shambani au mtoni.

Kwa nini watoto wa Singapore walifuatwa miaka 3, wala hawakupimwa siku moja tu?

Nyumbani kwenu, saa za mchezo zimetolewa katika saa za kazi gani?